Kabla hamjashona sura ya Bob Marley

Kama mtaa wenu umepoteza ukumbi wake na mmeamua kuutengenezea kumbukumbu kwa mikono yenu wenyewe, ushauri wangu wa kwanza ni huu: yule mtu maarufu aliyewahi kupita hapo mwekeni kando kwanza. Hapotei, mtamkuta palepale mlipomwacha.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kaskazini mwa London, na kazi yangu ni cherehani. Miaka michache iliyopita walinijia kinamama watano wenye asili ya Karibi, wote wamevuka sabini, wakitaka niwasaidie kushona nguo ya ukutani ya kukikumbuka kituo kilichoitwa Keskidee. Hawakunifuata kwa ujuzi wangu wa historia. Nina meza ndefu ya kukatia na bei yangu haiumizi, basi. Jina la Keskidee nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Kituo hicho kilikuwa Gifford Street, Islington, si mbali na stesheni ya King's Cross, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya misheni. Kilianzishwa mwaka 1971 na Oscar Abrams, msanifu majengo mzaliwa wa Guyana, kikawa kituo cha kwanza cha sanaa cha watu weusi nchini Uingereza. Kilikuwa na jukwaa la maigizo, maktaba na mahali pa kuonyeshea kazi za wachoraji na wachongaji. Linton Kwesi Johnson, mshairi aliyezaliwa Jamaika, alifanya kazi hapo upande wa maktaba na elimu akiwa bado kijana. Mwaka 1979 waigizaji wa kituo walifika hadi New Zealand, wakaigiza mbele ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko. Na mwaka 1978 Bob Marley alipigia hapo video ya wimbo wake mmoja, amezungukwa na watoto, mmoja wao Naomi Campbell, mwanamitindo maarufu wa baadaye, wakati huo ana miaka saba.

Kituo kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, jengo likatumiwa na kanisa. Aprili 2011 likawekewa kibao cha kumbukumbu. Machi 2012, hata mwaka haujatimia, moto ukaliunguza.

Siku moja ile ya Bob imeimeza miaka yote iliyobaki. Kikao chetu cha kwanza, mjukuu wa mmoja wa wale kinamama alikuja na mchoro kwenye simu: uso wa Bob, nywele zimejaa kitambaa kizima, nyekundu, dhahabu na kijani. Mchoro ulikuwa mzuri, sikatai. Tukaushangilia wote isipokuwa anti mmoja aliyekuwa amekaa kimya na kikombe chake cha chai. (Kwao, kama kwetu, mkubwa haitwi kwa jina tupu, kwa hiyo nami nikawa nawaita anti.) Nilipomuuliza mbona hasemi, alijibu kwamba siku ya Bob yeye alikuwa zamu hospitalini. Alikuwa akienda Keskidee siku nyingine zote.

Tukaufunga mchoro.

Tangu hapo nimejifunza kutomuuliza mtu "unakumbuka nini?" Ukimuuliza hivyo atakujibu kama gazeti: mshikamano, utamaduni, fahari yetu. Muulize mlango ulifungukia ndani au nje. Nani alikaa na funguo. Baridi ilipoingia mlikaa upande gani. Nani aligombana na nani, na walipatanaje. Mpe na sindano aishike, kwa sababu mtu mwenye kazi mkononi husimulia vizuri zaidi kuliko mtu aliyekaa anatazamwa. Mimi niliweka simu katikati ya vibweta vya uzi, ikarekodi kwa ruhusa yao, na baada ya nusu saa kila mtu alishaisahau. Jumatano sita za namna hiyo zilitupatia ngazi iliyokuwa ikilia chini ya mguu, koti lililotumika katika michezo mitatu tofauti, na mzee mmoja aliyeonyesha kwa kiganja namna dhumna zilivyokuwa zikigongwa mezani. Nikamwambia hata Tanga barazani hugongwa hivyohivyo. Hakuniamini. Wiki iliyofuata alikuja na boksi lake, akanifunga mara tano mfululizo.

Swali la muundo lilitusumbua mpaka nilipowatandikia khanga. Nikawaonyesha pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina chini yake. Wakaipenda kwa sababu nguo ilikuwa inasema. Hapo ndipo waliponieleza kwamba keskidee ni ndege wa kwao, kifua cha manjano, kichwa kina mistari myeusi na myeupe, na kwamba kelele yake watu huisikia kama swali la Kifaransa, qu'est-ce qu'il dit, yaani "anasema nini?" Nami nikawaambia kanga naye ni ndege. Tulicheka sana siku ile, tukashona kidogo.

Basi ndege akaingia mjini na swali lake likawa jina. Mmoja wao, kwa kunifurahisha, alitaka liandikwe kwa Kiswahili. Nilikataa, na hili nalisema kwa mtu yeyote anayeitwa kusaidia kumbukumbu ya watu wengine: ukiwa fundi, baki fundi. Nilikwishawaletea khanga, na bado sina hakika kama hata hiyo haikuwa nyingi. Likabaki kwa Kifaransa chao.

Kuhusu vitambaa sina mengi. Vingi vililetwa kutoka makabatini: shuka, gauni la kanisani, pazia. Vifueni vyote kabla ya kukata, vya pamba kwa maji ya moto ili kinachotaka kurudi kirudi mapema. Halafu kila chenye rangi kali kilowesheni peke yake juu ya kitambaa cheupe cha majaribio. Najua haya kwa uchungu. Kitambaa chekundu nilichokiamini kwa macho tu kilichuja juu ya kifua cha ndege, manjano yakawa rangi ya chungwa lililooza. Tulifumua siku mbili. Kosa langu, na pesa za kitambaa kipya nilitoa mimi.

Majina ndiyo yalitutesa kuliko rangi. Tulidarizi majina kwenye pindo, tukajisifu, na wiki mbili kabla ya kuitundika akaja mama mmoja kuuliza dada yake yuko wapi, aliyefagia ule ukumbi kwa miaka. Hakuwepo. Hakuna aliyemtaja, hata wale waliokumbuka ngazi inayolia. Tulifumua upande mmoja wote wa pindo, tukamwingiza, na tukaacha miraba tisa mitupu kwa watakaokuja kudai. Hadi sasa minne imejaa. Kama mnaweza, acheni nafasi tangu mwanzo, maana kufumua udarizi wa mtu mwenye miaka 78 mbele ya macho yake si jambo dogo.

Bob yupo. Tulimshona kwenye kona ya chini, ukubwa wa kiberiti, watoto wanamzidi kimo. Mjukuu alinuna kidogo, kisha akaishona ile kona yeye mwenyewe.

Na mahali pa kuitundika patafuteni kabla ya kushona, si baada. Sisi tulianza kwa ahadi ya mdomo ya ofisi moja. Nguo ilipokwisha tukaambiwa wataipokea Oktoba, ambao hapa Uingereza ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na ukiisha tuje kuichukua. Wale kinamama hawakugomba. Waliuliza tu kama ukuta huo una kazi nyingine miezi kumi na mmoja. Ningerudia leo, ningeomba barua: ukuta upi, kwa muda gani, nani anaiangalia, na jua linaupiga au hapana, kwa sababu jua la dirishani hula rangi hata hapa London. Ningepima ukuta huo kwanza, ndipo nikate kitambaa.

Kwa hiyo nguo yetu inakaa kwa zamu majumbani, miezi miwili kila nyumba, na mwenye zamu huitoa akiombwa na shule au msiba. Imekwenda kwenye mazishi mawili. Haikunjwi, kwa sababu mikunjo hukata uzi wa udarizi. Tunaiviringisha kwenye bomba refu la karatasi ngumu, sura kwa nje, na shuka kuukuu juu yake. Zamu yangu inaanza Jumamosi. Nimeshashona vifuko sita vya karafuu vya kuweka pembeni mwake, kwa ajili ya nondo, na anti wa kikombe cha chai ameagiza nimwekee viwili vya kwake.