Usimlipe mtoto kwa kuosha vyombo!

Mkuu, umesema umebandika jikoni karatasi ya bei, mtoto alipwe kwa kila kazi ya nyumbani. Ibandue kabla hajaizoea. Vyombo 200, kufagia uwanja 300, kutandika kitanda 100? Kwangu ilikuwepo kama hiyo, na inakoishia napajua.

Wiki mbili za mwanzo nyumba inang'aa, unajiona mzazi wa mfano. Ya tatu mtoto ana 4,000 zake, shida ya hela hana, vyombo havigusi. Unapandisha dau, naye anapandisha. Halafu bibi anaomba maji ya kunywa mbele ya wageni, mjukuu anauliza, "Shilingi ngapi?" Mimi mpaka leo ukweni naitwa mwajiri.

Kinachoharibu ni hiki: kutandika kitanda chake kulikuwa wajibu, wewe umekugeuza kibarua, na kibarua mtu ana haki ya kukikataa. Wale wahamasishaji wa mitandaoni wanaouza semina za kulea matajiri hawalisemi hili. Sijui wana watoto au wana slaidi tu!

KAZI ZA NYUMBANI HAZILIPWI, NA POSHO HAIFUNGWI NA KAZI. Posho, yaani hela yake ya wiki, itoke siku ile ile, kiasi kile kile, hata kama jana kavunja glasi. Kwa mtoto wa miaka 6, kila Jumamosi asubuhi mpe shilingi 1,000 kwa sarafu: mbili za 200 na sita za 100. Noti moja hawezi kuigawa. Zile za 200 zinaingia kopo la kutunza, za 100 ni za kutumia. Kopo liwe linaloonyesha ndani, azione zikipanda, na lengo la kwanza liwe kitu cha 2,000, wiki 5 basi. Kwa umri huo hata hizo ni nyingi.

Akizimaliza 600 zote Jumapili kwa ubuyu na kashata, usimwongeze hata mia. Atalia, mwache. Hapa ndipo bibi huwa anachomeka 500 kwa siri, kwa hiyo ongea naye mapema, kwa adabu.

Unaweza kulipa kazi ambayo ungemwita mtu wa nje, kama kusugua matairi ya pikipiki, na bei mpatane kabla hajashika brashi.

Kibubu cha mbao cha kupigilia misumari achana nacho, ndani hakionyeshi. Ukikivunja ukakuta noti za 500, muda wa kuzibadilisha uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania uliisha 5 Aprili 2025.

Karatasi ing'oe leo. Ila vyombo vya jana umlipe kwanza, ulishaahidi.