Shuleni ametulia, nyumbani analipuka: jibu kwa mama wa mtoto mwenye usonji

Dada, pole. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hujamdekeza mtoto.

Kwa wanaoingia sasa, mleta mada ana mtoto wa kiume wa miaka saba mwenye usonji. Mwalimu anamsifu kwamba darasani ni mtulivu wa kupigiwa mfano. Akivuka tu mlango wa nyumbani anajitupa chini, anapiga mayowe na kujiuma mkono mpaka alama zinabaki. Ndugu wameshatoa hukumu: mbona kwa mwalimu anatulia? Basi tatizo ni mama. Anauliza amtulizeje akilipuka, shule iambiwe nini, na kama amhamishe.

Nimelea kijana mwenye usonji. Sasa ameanza kubalehe, anaongea maneno machache, na kwa miaka kadhaa nilikuwa pia nikikaa darasani kama msaidizi wa walimu. Kwa hiyo nimeuona utulivu huo wa shuleni kwa macho yangu, na wengi wanaousifu hawaujui.

Mtoto wangu naye alisifiwa. Mwalimu aliandika kwenye daftari "leo katulia sana", na siku hiyohiyo ukosi wa shati lake ulirudi umelowa mate na kutafunwa hadi nyuzi zinaning'inia. Ndipo nikaanza kusoma ukosi badala ya daftari. Siku za makelele, mtihani, au mwalimu mgeni, ukosi ulilowa mpaka kifuani. Siku za kawaida ulikuwa mkavu. Nilipokaa darasani niliona na mengine: masikio yanakuwa mekundu, mabega yanapanda, vidole vya miguu vimekunjwa ndani ya viatu. Alikuwa hanywi maji wala haendi msalani kutwa nzima, kwa sababu choo kina mwangwi na milango inabamizwa. Huyo si mtoto aliyetulia. Ni mtoto anayejizuia, na akifika mahali anapojisikia salama anaachia. Anaachia kwako kwa sababu wewe ndiye mahali salama. Waambie hivyo hao wanaokuhukumu, wakielewa sawa, wasipoelewa usipoteze nguvu.

Mengi yanayomchosha hatuyasikii. Taa ya mrija inayovuma, viti vinavyokwaruza sakafu, harufu ya rangi, lebo ya shati shingoni, kengele inayolia bila onyo. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa utambuzi, DSM-5, tofauti hizi za hisia, yaani kuhisi kupita kiasi au kutohisi vya kutosha, ziliingizwa rasmi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo mwalimu akikuambia mtoto "anajifanya" kuziba masikio, una pa kusimamia.

Sasa, akilipuka. Kwanza tofautisha deko na kuzidiwa. Mtoto anayedeka ana anachokitaka, huchungulia kama unamtazama, na ukimpa ananyamaza. Aliyezidiwa hata ukimpa kile alichokililia dakika tano zilizopita atakitupa. Hana habari na watazamaji. Ukimwadhibu unaongeza, ukimhonga humfikii. Kuna na wa tatu anayesahaulika: anayezima. Anajikunja pembeni, hajibu, macho yako mbali. Walimu humwita mpole. Naye amezidiwa vilevile, ila kwa kimya.

Kwa aliyezidiwa, fanya kidogo kuliko moyo unavyokutuma. Kila neno unalosema ni maji kwenye mtungi uliokwishafurika. Mimi huwa na sentensi moja tu, "nipo hapa", kwa sauti ya chini, halafu nanyamaza. Zima taa, zima redio, toa watu chumbani, hasa yule mjomba anayesema "niachieni mimi". Usimwambie akutazame usoni. Usimuulize kwa nini. Kaa chini usawa wake, kwa ubavu, hatua chache mbali. Akipiga kichwa ukutani, ingiza mto kati ya kichwa na ukuta. Usishindane na kichwa. Akijiuma mkono, mpe kitu kingine cha kuuma alichokwisha kukizoea akiwa mtulivu, maana kitu kigeni wakati huo atakirusha. Na mtu yeyote asimlaze kifudifudi na kumkandamiza mgongoni, iwe nyumbani au shuleni. Watoto wamewahi kukosa pumzi na kufa kwa kushikwa namna hiyo.

Kukumbatia je? Inategemea mtoto. Wengine hutulia kwa kubanwa kwa nguvu, wengine mguso mwepesi tu huwachoma. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, alipokuwa kijana aliona kwenye ranchi ya shangazi yake jinsi ng'ombe walivyotulia wakibanwa kwenye mtambo wakati wa chanjo. Akajitengenezea mashine yake ya kujibana. Watu husimulia kisa hicho wakaacha jambo la maana kuliko yote: mpini ulikuwa mkononi mwake. Yeye ndiye aliyeamua abanwe kiasi gani na aachiwe lini. Hivyo mnyooshee mikono, usimvamie. Akija, mbane. Asipokuja, baki ulipo.

Ikipita, usimsomee hotuba. Atakuwa amechoka kama mtu aliyetoka homani. Mpe maji, mwache alale au azungushe vitu vyake. Mazungumzo ya "tulikubaliana nini" subiri kesho, kama yana haja.

Lakini kazi yenyewe, dada, iko kabla ya hapo. Saa ya kwanza baada ya shule ndiyo yako. Njia nzima usimuulize swali. "Leo mmesoma nini?" kwetu ilipigwa marufuku, hata bibi yake alizoea. Akifika avue sare, avae nguo laini anayoipenda, aingie chumba chenye mwanga hafifu. Wangu alikuwa anarukaruka juu ya godoro kuukuu huku akipepea mikono na kuimba wimbo wa neno moja. Wageni walishangaa. Mwacheni mtoto apepee mikono, ajitikise, apange vifuniko vyake mstari. Ndivyo anavyojipooza mwenyewe. Ingilia tu pale anapojiumiza. Nimeona walimu wakimfunza mtoto "mikono chini" kwa zawadi ya nyota, na nalipinga waziwazi. Unamnyang'anya dawa yake kisha unashangaa ugonjwa umezidi.

Jambo la pili ni ratiba ya picha. Msingi wake ni kazi ya mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, ambako TEACCH, mpango wa kuwafundisha watu wenye usonji, ulianzishwa mwaka 1972 kwa kuegemea jicho kuliko sikio, kwa sababu wengi wa watoto hawa hushika haraka wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Maneno hupotea hewani, picha inabaki. Usianze na bango kubwa la siku nzima. Anza na picha mbili: kwanza hiki, kisha kile. Piga picha za vitu vyake halisi kwa simu, kiatu chake, beseni lake, mlango wa darasa lake, maana michoro ya kuchapa wengine hawaihusishi na kitu chenyewe. Na yeye mwenyewe ndiye atoe kadi ya jambo lililokwisha na kuitia mfukoni. Hapo utamwona anashusha pumzi.

Ongeza kadi moja ya "mabadiliko". Watu wengi huitoa siku ya balaa tu, mtoto akaichukia. Ianze kwa mabadiliko mazuri: leo badala ya kufagia, tunacheza. Akishaizoea ndipo uitumie kwa "leo baba hayupo". Kuhusu kipima muda, jihadhari na kile kinachopiga mlio. Kwa wetu mlio wenyewe ndio uliokuwa kitisho. Chupa ya mchanga inayoshuka ilitosha.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: mpe namna ya kusema "nimechoka, nataka kutoka" isiyohitaji mdomo. Kadi moja, rangi moja, popote alipo. Mfundishe akiwa ametulia: anakupa kadi, mnatoka papo hapo, mnakaa kidogo, mnarudi. Mwanzoni ataitumia kupita kiasi, na mwalimu atasema anakwepa hesabu. Mwombe avumilie. Kadi ikikataliwa mara chache tu, mtoto anajua haina kazi, anarudi kwenye mayowe ambayo hayakataliwi. Na msiogope kwamba kadi zitamfanya asiongee. Tafiti hazionyeshi kwamba zinazuia usemi, na kwa wengine maneno huongezeka.

Mwili usiusahau. Kukosa choo, usingizi mbovu na kifafa huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine, na wengi hawawezi kuonyesha panapouma. Wapo wasiohisi vizuri hata njaa au mkojo mpaka umezidi. Mlipuko ukianza ghafla, au ukibadilika sura, daktari aje kabla ya mwanasaikolojia. Kijana wangu aliwahi kuanza kujipiga shavu moja tu, la kushoto. Tulitafuta sababu shuleni, tukatafuta nyumbani. Ilikuwa gego.

Wauza miujiza watakufuata sana. Klorini dioksidi, ya kunywa au ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, mara nyingi huuzwa kwa jina la MMS ("Miracle Mineral Solution"), nayo ni kemikali ya kung'arishia na kuulia vijidudu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba ni hatari kunywa. Blanketi zito nalo linasifiwa kupita kiasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha blanketi zito na la kawaida kwa watoto wenye usonji, usingizi haukuongezeka, ingawa watoto na wazazi walilipenda zaidi lile zito. Likimpendeza mpe, mradi aweze kulitoa mwenyewe na lisifunike uso. Dawa za hospitali zipo: risperidoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa hasira kali zinazoambatana na usonji, na aripiprazoli mwaka 2009. Zina madhara yake, kunenepa na usingizi kati ya hayo, kwa hiyo ni za kuzungumza na daktari wakati hatari imeshakuwa kubwa, na hazimsaidii mtoto ambaye bado anakaa chini ya taa inayovuma.

Shuleni usiende kulalamika. Nenda na karatasi moja, upande mmoja. Andika kinachompandisha, dalili za mwanzo (masikio, ukosi, mabega), kinachomshusha, na kisichofaa kufanywa. Mwalimu mwenye watoto wengi hatasoma faili, karatasi ataibandika. Halafu omba vitu vidogo. Akae ukutani mbali na mlango, asiwe na mtu nyuma yake. Aingie darasani kabla ya msukumano au baada yake. Aambiwe kabla ya kengele. Apewe agizo moja kwa wakati, na asirudiwe kwa maneno tofauti kabla hajalimaliza kulichambua. Mwalimu ahesabu kwanza kimyakimya hadi kumi. Vizuia kelele vya masikioni viwepo kwa saa za makelele, si kutwa, maana akivivaa muda wote masikio huzidi kuwa mepesi. Apelekwe msalani wenzake wakiwa darasani. Na pawepo kona ya kupumzika ambayo si kona ya adhabu. Hili la mwisho walisimamie kweli: mtoto akitumwa pale mara moja kwa kosa, kona imekufa. Vivyo hivyo mapumziko ya mchana, asinyimwe kama adhabu.

Kuna mwalimu mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "nikimlegezea huyu, wengine je?" Nilimwambia awape wote. Akaanza kuandika ratiba ya siku ubaoni kwa michoro na kutoa onyo kabla ya kengele kwa darasa zima. Hakuna aliyedhurika.

Tafuta pia daftari, kila akilipuka uandike saa iliyotangulia ilikuwaje: nani alikuwepo, sauti gani, alikula, alilala, kulikuwa na mabadiliko gani. Usiandike alichofanya akiwa amelipuka, hicho unakijua. Baada ya wiki kadhaa utaona siku mbili au tatu zinazojirudia, na mara nyingi zina somo lilelile au mtu yuleyule.

Kuhusu kumhamisha: usiharakishe, kuhama kwenyewe ni mabadiliko makubwa kwake, na shule mpya ina kengele pia. Peleka karatasi kwanza. Wakikubali kadi ya kutoka na kona ya kupumzika, na ukaona wanavifanya hata siku ambazo hujatokea, mwache amalize muhula huku ukiangalia ukosi wa shati. Wakikujibu kwamba mbona kwao hana shida, waonyeshe shati. Wakiliona na bado wakarudia jibu lilelile, anza kutafuta pengine, na kabla hajaanza huko mpeleke mara kadhaa shule ikiwa tupu, upige picha za mlango, dawati na choo mkaziangalie nyumbani.