Mayai Yameenda Wapi? Kufundisha Akisami kwa Trei, Karatasi na Vizibo

Mwalimu mmoja kijana aliniandikia wiki jana. Anafundisha Gredi ya Sita katika shule ya umma hapa Nairobi, na ujumbe wake uliingia usiku wa manane, saa ambazo walimu huandika mambo ya kweli. Alisema alinunua manila kwa pesa zake, akakata miduara, akaipaka rangi, hata akapika chapati nyumbani akazileta darasani. Watoto walifurahi ajabu. Walikata nusu, wakakata robo, wakala. Ijumaa akawapa zoezi, na karibu darasa zima likaandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Mwisho akaniuliza, akimaanisha mtaala huu mpya wa umilisi: "Madam, shida ni mimi ama ni hii CBC?"

Shida ni chapati, mwalimu wangu. Ngoja nieleze, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimelibeba kifuani muda mrefu.

Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo wa elimu wa kabla ya CBC. Akisami, yaani sehemu za kitu kizima, nilifundishwa kwa kiboko na wimbo: tafuta namba inayogawika kwa zote mbili, gawanya kwa ya chini, zidisha kwa ya juu, jumlisha. Nikaimba wimbo huo mpaka KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nikapata alama zangu nzuri, na sikuwa na habari hata kidogo nilikuwa nafanya nini. Ungeniuliza 5/6 ni nyingi au kidogo ningekuangalia tu. Nilianza kuelewa akisami nikiwa tayari nina nambari ya TSC, ile tume ya walimu, mbele ya watoto, chaki mkononi. Nadhani wengi wetu tuko hivyo, ila hatusemi kwenye chumba cha walimu.

Kwa hiyo nachukulia kwamba wewe unayesoma hapa unataka ninachotaka mimi: mtoto akiona 3/4 aone kiasi cha kitu, asione namba mbili zilizotenganishwa na mstari. Kama unachotafuta ni kumaliza azimio la kazi kabla muhula haujafungwa, makala hii haikuhusu.

Sasa chapati. Kitu cha duara hukatika vizuri kuwa mbili, nne na nane. Mwambie mtoto wa miaka kumi aikate kuwa tatu au tano zilizo sawa na utaona vita. Kila kikundi kitatoa vipande vya ukubwa tofauti, na ukubwa kuwa sawa ndiyo roho ya akisami. Pili, mtoto mwenye njaa hafikirii hesabu. Tatu, na hili ndilo lililompata mwalimu wetu, somo likiisha ushahidi umeshaliwa. Hakuna kilichobaki mezani cha kumwonyesha mtoto kwamba 2/5 haiwezekani.

Chapati mimi naitumia kwa swali moja tu: chapati tatu, watoto wanne, kila mmoja apate sawa. Usiwaonyeshe njia. Watoto wengi watakata mbili za kwanza nusu nusu, kila mmoja apate nusu, halafu ile ya tatu waikate robo nne. Kila mtoto ana nusu na robo. Ukiwauliza jumla ni ngapi, hapo ndipo 3/4 inazaliwa bila mwalimu kuitaja. Huo mtindo wa kutoa vipande vikubwa kwanza kisha vidogo, Wamisri wa kale waliutumia. Upo mswada wa mafunjo ulioandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, uko London siku hizi, na maswali yake ya kwanza kabisa ni ya kugawa mikate kwa watu 10. Nikiwaambia watoto wangu wa Eastlands kwamba wamefanya hesabu kama karani wa Misri, wanakaa wima wiki nzima.

Baada ya hapo weka chapati kando, chukua karatasi. Karatasi za mtihani wa zamani zinatosha, kalenda za mwaka uliopita zinafaa zaidi. Kata vipande virefu vyembamba, vyote urefu mmoja, kila mtoto apate vyake. Kunja mara moja, fungua: nusu. Kunja mara mbili: robo. Halafu kabla hawajakunja mara ya tatu uliza, "Tutapata vipande vingapi?" Watoto watapiga kelele, "Sita!" Waache. Usisahihishe. Wakunje, wafungue, wahesabu wenyewe wakute nane, na usikie ule ukimya wa darasa lenye watoto zaidi ya sitini. Kisha waweke kipande cha 1/8 juu ya kipande cha 1/4. Kuna msichana wangu mmoja wa dawati la nyuma aliyekuwa ameshikilia, "Madam, si nane ni kubwa kuliko nne?" Alivikunja na kuvikunjua vile vipande mpaka karatasi ikachanika, halafu akasema, "Aa. Tukiwa wengi, kila mtu anapata kidogo." Mtoto anayelala wanne kwenye kitanda kimoja hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Lakini papo hapo, kabla hajaenda mapumziko, lazima aandike. Na hapa ndipo walimu wengi wanapoteleza. Chuoni tulikariri nadharia ya Jerome Bruner: mtoto aanze kwa kutenda, aje kwenye picha, ndipo afike kwenye alama. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Darasani tunafanya kutenda Jumatatu, tunaruka picha, halafu Alhamisi tunaandika alama ubaoni kana kwamba ni somo jingine. Mtoto naye anajifunza mambo mawili yasiyojuana: mchezo wa karatasi, na hesabu ya ubaoni. Daftari za watoto wangu zina mistari mitatu kwa kila tendo: mchoro wa kilichofanyika, sentensi moja ya maneno yake mwenyewe, kisha alama. Mikono ikifanya, penseli inafanya. Haijalishi kengele imelia.

Sasa nifike kwenye trei, kwa sababu najua wengine mmekuja hapa kwa ajili yake.

Trei ya mayai ya kawaida, ile ya karatasi ngumu, ina mashimo 30: mistari mitano ya kulala na sita ya kusimama. Iangalie tena. Mstari mmoja wa kulala ni 1/5 ya trei. Mstari mmoja wa kusimama ni 1/6. Wenye viwanda walitutengenezea zana ya kufundishia, sisi tukadhani ni ya mayai. Badala ya mayai tumia vizibo vya soda, ambavyo kila baa na kila duka hapa mjini linatupa.

Andika 1/2 + 1/3 ubaoni na waulize jibu. Utapewa 2/5, kwa sauti moja, kwa ujasiri mkubwa. Sema sawa, tuone. Kila kikundi kijaze nusu ya trei. Mistari mitatu ya kusimama, vizibo 15. Halafu waongeze theluthi, mistari miwili ya kusimama, vizibo 10. Sasa wapewe trei nyingine waijaze 2/5: mistari miwili ya kulala, vizibo 12. Weka trei mbili kando kwa kando na unyamaze. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mwalimu lakini nyamaza.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kijana mmoja ambaye kwa kawaida alikuja shuleni kwa ajili ya mpira tu alisimama juu ya dawati akasema, "Madam, nusu peke yake ilikuwa kumi na tano. Tumeongeza, sasa ziko kumi na mbili. Mayai yameenda wapi?"

Mayai yameenda wapi! Kwa miaka yote nimefundisha sijapata kusikia mtu akieleza kosa lile vizuri zaidi. Ukijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, mayai yanapotea. Tangu siku hiyo, mtoto akileta jibu la namna hiyo darasa zima linamuuliza mayai yako wapi, naye anarudi kwenye dawati mwenyewe. Ile trei ya kwanza, wakiihesabu vizuri, imejaa mistari mitano kati ya sita. Yaani 5/6. Jibu limeandikwa pale, hakuna wimbo.

Trei ina mpaka wake. Robo ya 30 haitoki bila kupasua yai. Watoto watagundua hilo wenyewe na watalalamika, na malalamiko hayo ndiyo somo linalofuata. Toa makasi, kata mstari mmoja wa kulala, ubaki na mashimo 24. Sasa robo ni 6, theluthi ni 8, 1/8 ni 3. Ukitaka 1/3 + 1/4, waulize wakate trei ya ukubwa gani. Watajaribu, watabishana, watafika kwenye tatu kwa nne, mashimo 12, na jibu ni 7/12. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwa nini tunatafuta namba inayogawika kwa zote mbili: tunatafuta trei ambayo haitapasua yai. Nusu saa ya makasi imefanya ambacho kiboko hakikufanya kwa miaka minane.

Nimeeleza haya kwa furaha, lakini acha niseme na upande wa pili. Nilipoanza, naibu wa mwalimu mkuu wa wakati huo alisimama mlangoni, akatazama vizibo vilivyotapakaa, akauliza mbele ya watoto, "Hapa ni darasani ama ni soko la Gikomba?" Watoto walicheka. Mimi pia nilicheka, unajua kile kicheko. Baadaye, kwenye mafunzo fulani ya walimu, mwenzangu ambaye tulishiriki naye chai na meza alipanda mbele na picha za trei, vizibo, hata swali la mayai, akasema ni ubunifu wake. Akapigiwa makofi. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Sikusema kitu na bado sijui kama nilipaswa kusema. Naandika hapa ili angalau ijulikane, na sitamtaja. Mwenye kujijua anajijua.

Ila nilichokiona siku ile ni kwamba alionyesha vizibo na hakuonyesha daftari hata moja. Kwake shughuli ilikuwa ndiyo somo. Walimu wenzangu, tuache kupiga picha za watoto wakikata vitu tukadhani tumefundisha! Afisa akija anaona rangi, anaona kelele nzuri, anaandika "ushiriki wa hali ya juu," anaondoka. Mtoto anabaki na 2/5 yake. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, kiboko tumekiweka chini, nyimbo tumeziacha, lakini kama mahali pake tumeweka maonyesho, basi tumebadilisha nguo tu. Mtoto afanye, achore, aseme, aandike. Afanye, achore, aseme, aandike. Nitalirudia mpaka nistaafu.

Na tafadhali tusiwatese wazazi. Tangu mtaala huu uingie madarasa ya chini 2019, mama wa Kayole amekuwa akizunguka saa tatu usiku akitafuta manila na gundi. Akisami haihitaji duka la vitabu. Inahitaji duka la jirani. Mtoto huyo huyo ametumwa robo ya sukari tangu akiwa chekechea. Muulize, robo ya nini? Ya kilo. Basi ni gramu 250. Ametumwa nusu mkate. Nusu ya mkate wa gramu 400 ni gramu 200, lakini nusu ya mkate wa gramu 800 ni sawa na ule mwingine mzima. Kwa hiyo nusu inaweza kulingana na kitu kizima? Waache wabishane. Wazazi wakisikia mjadala huo nyumbani wataingilia, kwa sababu sisi tulioshuhudia mwaka 2008 tukisikia nusu mkate hatufikirii siagi. Hata serikali tuliigawa hivyo kati ya Kibaki na Raila, na mpaka leo watu wanauliza nani alipata kipande kikubwa.

Kwa mwalimu aliyeniandikia: Jumatatu usianze mada upya. Watoto wako hawajaharibika. Chukua yale majibu yao ya 2/5, usiyakate kwa kalamu nyekundu, wape trei wayajaribu. Kikundi kimoja cha watoto sita, trei mbili, vizibo sitini. Usipokuwa na trei za kutosha chora mashimo kwenye sakafu kwa chaki, mistari mitano kwa sita, inafanya kazi vilevile ila magoti yatakuuma.

Trei zenyewe omba kwa muuza mayai wa steji, yule wa smokie na kachumbari. Huwa nazo nyingi jioni, na huenda asikudai kitu ukinunua yai moja. Chagua zisizo na kinyesi cha kuku wala yai lililopasuka, zianike juani, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Zile za plastiki huoshwa, lakini hazikatiki kwa makasi, na zingine zina mashimo ya hesabu tofauti, kwa hiyo hesabu kabla hujaingia darasani.