Mihogo, mlonge na lusina kwa kuku wa nyama: anza na mihogo, majani yafuate

Mkuu mleta mada, umeuliza kama unaweza kupunguza gharama za chakula cha kuku wa nyama kwa kuchanganya mihogo na majani ya mlonge na lusina (mti wa malisho, Leucaena), kwa kuwa vyote unavyo shambani. Unaweza. Mimi huchanganya chakula mwenyewe na vyote vitatu nimevitumia. Ila naona wachangiaji wengi wamekimbilia majani, wakati nafuu yenyewe iko kwenye mihogo.

Tazama gunia la chakula lilivyo. Nusu yake au zaidi ni mahindi, na kazi yake ni kumpa kuku nguvu. Ukipunguza mahindi umegusa gharama kubwa. Ukiweka majani ya mlonge kilo 5 kwenye kila kilo 100, umegusa kidogo sana, na kuzidisha hapo huwezi, maana kuku wa nyama si mbuzi. Utumbo wake ni mfupi, nyuzinyuzi hazimeng'enywi, na gole (kifuko cha chakula shingoni) likijaa majani anashiba kabla hajapata cha kujengea mwili. Watu wakisikia mlonge mkavu una protini ya asilimia 25 au zaidi wanadhani wamepata mbadala wa soya. Sivyo. Ukiuweka kwa wingi kuku wanadumaa, hata kama afya yao inaonekana nzuri kwa macho.

Sasa mihogo, nikimaanisha mikavu iliyosagwa. Kwa nguvu inakaribia mahindi, lakini protini yake ni kama asilimia 2.5, na mahindi yana kama 8.5. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanatoa mahindi kilo 20, wanaweka mihogo kilo 20, basi. Piga hesabu. Mahindi kilo 20 yana protini kama kilo 1.7. Ukiweka unga wa mihogo kilo 17 na mashudu ya soya (mabaki ya soya iliyokamuliwa mafuta, yale yenye protini ya asilimia 44) kilo 3, unapata protini kilo 0.43 kutoka kwenye mihogo na 1.32 kutoka kwenye soya, jumla 1.75. Hapo pengo limezibika. Kwa hiyo mihogo isilinganishwe peke yake na mahindi. Ilinganishe ikiwa pamoja na soya yake. Kama kilo 17 za mihogo na 3 za soya zinakugharimu chini ya kilo 20 za mahindi, fanya. Kama hazishuki, bakia na mahindi.

Jambo la pili ni sumu. Muhogo ukikatwa hutoa sianidi, na michungu inatoa nyingi zaidi. Menya vizuri kwa sababu maganda yana sumu nyingi kuliko nyama ya ndani. Kata vipande vyembamba au paruza, halafu anika juani. Usikimbilie kukausha kwa moto mkali ukidhani ndio usalama: kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo ndicho kinachoivunja ile kemikali ya sumu, na kinahitaji unyevu na muda ili kifanye kazi. Kwa michungu, loweka au uvundike kwanza ndipo uanike. Kipande kilichokauka sawasawa kinavunjika kwa kishindo ukikikunja. Kinachopinda bado kina maji na kitaota ukungu kwenye gunia. Chenye madoa meusi au kijani usikisage, kitupe, sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kusaga wala kwa kuanika tena.

Usisahau methionini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Mwili wa kuku huondoa mabaki ya sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye asidi amino kama hiyo, na soya nayo ni haba kwa methionini. Nikitumia mihogo naongeza methionini ya dukani kidogo au dagaa wazuri. Kwa dalili za banda, ukosefu wake nauona kwenye manyoya: yanachelewa kufunika mgongo na kuku wanaanza kudonoana.

Tatizo la mwisho la mihogo ni vumbi. Unga ukiwa laini sana unaganda mdomoni, kuku anakwenda kunywa, chakula kinabaki kwenye maji. Saga kwa chekeche pana na uchanganye na mafuta kidogo ya kula.

Majani nayatumia hivi: mlonge nauanika kivulini hadi unasagika mkononi ukiwa bado wa kijani, naweka kilo 3 hadi 5 kwa 100. Faida ninayoipenda ni rangi, kwa sababu mihogo haina ile rangi ya mahindi ya njano na kuku wanatoka weupe. Mlonge unarudisha unjano kwenye miguu na ngozi. Lusina ina mimosini, sumu inayozuia ukuaji, kwa hiyo sivuki kilo 5, na mlonge ukiwepo siiweki kabisa. Kisamvu kikavu ni kizuri pia kwa kiasi hichohicho, baada ya kukatakata na kuanika.

Yote haya ni kwa kuku wakubwa wanaokaribia kuuzwa. Vifaranga wa wiki mbili za mwanzo wape chakula cha kawaida chenye protini ya asilimia 21 hadi 23.

Na usiamini macho. Tenga kuku wachache wa umri mmoja, wape chakula kipya, wengine waendelee na cha zamani, pima uzito kila wiki kwa mizani na andika chakula kilicholiwa. Gawanya kilo za chakula kwa kilo za uzito ulioongezeka, kisha zidisha kwa bei ya kilo moja ya chakula. Hiyo ndiyo gharama ya chakula kwa kila kilo ya kuku. Nimeona mchanganyiko wa bei nafuu ukichelewesha kuku hadi wakaila akiba yote uliyoileta.

Ukitaka tukupangie vipimo, weka hapa mihogo yako ni mitamu au michungu, na kama soya unayopata ni mashudu au ni mbegu nzima. Kama ni mbegu, ikaange kwanza. Soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe na itakuharibia kila kitu nilichoeleza hapo juu.