Muulize Dada: Majira ya joto Tokyo, chumba cha mikeka sita na treni ya mwisho

Barua za Tokyo zimejaa safari hii, nadhani majibu ya kozi za likizo yameshatoka, kwahiyo nimeona nizijibu kwa mkupuo mmoja. Na mimi niliwahi kukaa huko likizo moja enzi za chuo, nikarudi nikiwa nimekonda na nina furaha, basi ninayoyasema mengi nimeyaona mwenyewe.

SWALI: Shikamoo dada. Nimepata kozi ya wiki 8 Tokyo, kuanzia mwisho wa Juni mpaka Agosti, ila hosteli hawatoi. Nimeona vyumba viwili mtandaoni, kimoja rahisi lakini kipo mbali, saa nzima na unabadilisha treni mara mbili, kingine kina bei kidogo ila kipo laini moja na chuo na stesheni unaenda kwa mguu. Marafiki wote wananiambia nichukue cha rahisi ili hela inayobaki nitembelee mji. Unanishauri nini? (Binti wa mwaka wa 3)

JIBU: Marahaba mdogo wangu na hongera sana. Chukua cha karibu, na hao marafiki waambie dada amekataa.

Ngoja nikueleze kwa nini. Treni za Tokyo hazikeshi. Watu wanausikia ule mji wanadhani saa 24 kila kitu kinatembea, lakini ikifika saa 6 usiku hivi treni za mwisho zinaondoka na ukiachwa umeachwa, mpaka saa 11 alfajiri hivi ndo zinaanza tena, na taksi ya usiku kwa umbali wa saa nzima ni hela ya chakula cha siku kadhaa. Sasa wewe unayeishi mbali na unabadilisha mara mbili, treni yako ya mwisho siyo ile inayotoka mjini, ni ile ya kuunganisha huko mbele, ambayo inawahi kuisha. Maana yake saa 5 usiku wenzako bado wanakula wewe unaangalia saa. Huo mji ulioweka hela uutembelee, utautembelea lini?

Halafu kuna nauli. Reli za chini ya ardhi pale zina laini 13 lakini wenye nazo ni wawili, Tokyo Metro ana 9 na Toei ana 4, bado hujaweka JR, ile kampuni kubwa ya reli, na makampuni mengine binafsi ya juu ya ardhi. Ukitoka kwa huyu ukaingia kwa yule nauli inaanza kuhesabiwa upya, kuna vipunguzo vidogo sehemu nyingine ila vidogo kweli. Kadi yako ya nauli, Suica au Pasmo, inakatwa tiii, unapita getini wala huoni, jioni ukiangalia salio unashika kichwa. Piga hesabu ya kwenda na kurudi siku za darasa zote za wiki 8 kabla hujasema chumba ni rahisi, mara nyingi kile rahisi kinageuka kuwa ndo ghali.

Chumba chenyewe usitegemee makubwa. Vingi wanavipima kwa mikeka, ile minene ya majani inayoitwa tatami, chumba cha mikeka 6 ni karibu mita 10 za mraba na humo humo unalala unasoma unaanika nguo. Mimi nilizoea haraka. Uliza mambo mawili tu kabla hujalipa: je AC ipo na umeme wake nani analipa, na je kuna reikin. Reikin ni hela ya shukrani kwa mwenye nyumba, hairudi, tofauti na shikikin ambayo ni dhamana na unarudishiwa ikibaki. Kwa mtu wa wiki 8 reikin ni hasara tupu, tafuta nyumba za kushea jiko na bafu, nyingi hawaitozi.

Na takataka! Hapa nisikilize vizuri maana majirani watakujua kwa takataka kabla hawajakujua kwa jina. Kila mtaa una ratiba yake, siku ya vinavyoungua, siku ya plastiki, siku ya makopo na chupa, na unatoa asubuhi ile ile siyo usiku wake. Pale pa kuweka utakuta wavu, unainua wavu unasukuma mfuko wako ndani kabisa unafunika vizuri, kwa sababu ya kunguru. Kunguru wa Tokyo ni wakubwa, weusi tii, na wana akili, ukiacha kona ya mfuko nje dakika chache tu wameshauchana na maganda yako ya ndizi yapo katikati ya barabara, na bibi wa nyumba ya jirani ameshatoka na ufagio anakuangalia bila kusema neno. Bora angesema.

Jambo la mwisho, treni za asubuhi zinajaa mpaka huwezi kunyanyua mkono. Laini nyingi zina behewa la wanawake tu kwa saa hizo, kuna stika ya pinki chini pale unaposimama, lipande wala usione haya.

SWALI: Dada mambo, mimi naenda Julai na Agosti, hela yangu ni ya mawazo, nikishalipa chumba na chakula nabaki na kidogo sana. Je nitaweza kuzunguka kweli au nitaishia kukaa ndani? Halafu nasikia joto lake si mchezo. (Kaka wa uhandisi)

JIBU: Poa. Utazunguka sana, ila siyo mchana.

Hilo joto umesikia kweli. Juni mpaka katikati ya Julai ni mvua za manyunyu zisizoisha, wanaita tsuyu, nguo hazikauki. Zikikatika tu jua linawaka, nyuzi 32, nyuzi 35, na unyevu juu yake, hewa imesimama, na wale nyenje kwenye miti wanapiga kelele kutwa nzima mpaka unajiuliza wanakula nini. Watu wanapelekwa hospitali kila mwaka kwa joto, siyo utani. Sasa vijana wanakuja na ile orodha yao ya mtandaoni ya kutembelea sehemu kumi kwa siku, saa 7 mchana yupo Shibuya katikati ya lile vuka barabara maarufu anajipiga picha amelowa kama katoka kuoga, saa 9 ana kichwa kinauma amerudi kulala, siku imekwisha.

Tokyo ya majira ya joto iishi asubuhi na jioni. Jua linachomoza mapema mno, mwisho wa Juni saa 10 na nusu alfajiri kumeshapambazuka, na saa 1 jioni limeshazama. Kwahiyo panda treni ya kwanza kwanza nenda Asakusa, hekalu la Senso-ji, jengo kuu linafunguliwa saa 12 asubuhi, hakuna kiingilio, hakuna umati, utakuta wazee wa mtaani wanakuja kusali kabla ya kazi na maduka ya ile njia ya kuingilia bado yamefungwa milango ina michoro. Ukirudi saa 4 siku hiyo hiyo utadhani ni sehemu nyingine kabisa. Meiji Jingu, hekalu lililo ndani ya msitu, nako hivyo hivyo, geti linafunguliwa jua linapochomoza, na ule msitu unapoza mwili kabisa, ati ule msitu ulipandwa na watu miaka 100 iliyopita, huwezi kuamini.

Mchana jifiche. Makumbusho ya taifa pale bustani ya Ueno, yameanza 1872, wanafunzi wa chuo wanalipa pungufu, beba kitambulisho. Au ingia chini ya maduka makubwa kwenye vyakula, AC ya bure na macho yanashiba.

Jioni panda jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku, ghorofa ya 45, mita 202 juu, bure kabisa, watu wanalipa kupanda minara ya Tokyo Tower na Skytree wakati hii ipo. Siku ambayo hewa ni safi mlima Fuji unauona, ila kiangazi mara nyingi kuna ukungu wa joto kwahiyo usiende na matumaini hayo, nenda kwa ajili ya taa. Na Jumamosi ya mwisho ya Julai kuna fataki za mto Sumida, wanafyatua kama 20,000 usiku mmoja, wahi na kitu cha kukalia au tafuta daraja la mbali kidogo. Ila mimi ukiniuliza kipi nilikipenda zaidi ni ngoma za bon odori, kila mtaa unakuwa na zake Julai na Agosti, wanajenga jukwaa dogo kwenye uwanja wa shule au wa hekalu, ngoma juu, watu wanazunguka chini kwenye duara, mabibi ndo wanajua hatua zote. Unasimama nyuma ya bibi mmoja unamuiga mikono, mzunguko wa tatu umeshajua. Hakuna tiketi, hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Chakula: supamaketi ikifika saa 1 au saa 2 usiku anatoka mfanyakazi na stika za punguzo, anabandika kwenye vyakula vya boksi na samaki, kwanza asilimia 20, baadaye nusu bei. Utakuta watu wamesimama pembeni wanajifanya wanasoma maandishi ya mchuzi, kumbe wanamsubiri. Jiunge nao.

Ukitaka kutoka nje ya mji kwa nauli ndogo, mlima Takao, mita 599 tu, laini ya Keio kutoka Shinjuku chini ya saa moja. Fuji sikushauri kwa hela hiyo, siku hizi kuna ada ya kupanda na kibanda cha kulala juu yake.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni Muislamu na nakwenda kwa mara ya kwanza, naogopa suala la chakula, nitakula nini huko?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Utakula, ila utasoma sana. Jifunze herufi moja tu kabla hujaondoka, 豚, hiyo ni nguruwe, iweke kwenye simu uilinganishe na nyuma ya kila pakiti. Tatizo siyo nyama inayoonekana, ni ile iliyojificha, supu ya tambi imechemshwa na mifupa yake, mkate una mafuta yake, na mchuzi mwingi unatiwa mirin ambayo ina kilevi. Kwenye konbini, yale maduka madogo yasiyofungwa, donge la wali lililofungwa mwani, la samaki au la umeboshi, yaani plamu ya chumvi, ndo litakuwa rafiki yako, bado soma pakiti. Na ulifungue kwa mpango, pana namba 1, 2, 3 juu ya karatasi, 1 unavuta utepe wa katikati mpaka unazunguka nyuma, kisha 2 na 3 unavuta pembe huku na huku, ile plastiki inatoka na mwani unabaki mkavu unalia kruu. Ukichana kichwa kichwa mwani unabaki kwenye karatasi na wewe unabaki na wali mkononi.

Nyama na viungo nenda Shin-Okubo, stesheni moja tu kutoka Shinjuku kwa laini ya Yamanote, kuna uchochoro mzima wa maduka ya halali, mchele, dengu, kuku, pilipili. Na msikiti mkubwa ni Tokyo Camii pale Yoyogi-Uehara, wa Waturuki, jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000, chini kuna duka. Ijumaa moja tu ukienda utapata watu wa kukuelekeza mengine yote kuliko mimi.

SWALI: Naweza kufanya kazi kidogo ya mgahawa nikiwa kwenye kozi fupi?

JIBU: Hapana. Viza ya matembezi ya siku 90 hairuhusu kazi ya malipo hata ya saa moja. Wenye ruhusa ni wale wa viza ya masomo, nao wanaomba kibali kwanza na mwisho ni saa 28 kwa wiki. Na tembea na pasipoti yako muda wote, ni sheria.

SWALI: Mwanangu wa kiume yupo huko tangu mwezi uliopita. Nasikia matetemeko ya ardhi yapo kila siku, silali. Na kila nikimpigia hapokei. (Mama wa kijana)

JIBU: Shikamoo mama. Matetemeko madogo yapo mengi, mengine mtu yupo kwenye treni hata hayasikii. Simu zote za kule zinalia kwa pamoja kabla ya kubwa kufika, sekunde chache tu lakini zinatosha kuingia chini ya meza, na majengo yamejengwa kwa kujua hilo, wana kumbukumbu ya lile la Septemba 1, 1923 na kila mwaka tarehe hiyo nchi nzima inafanya mazoezi. Mwambie aweke viatu na tochi karibu na kitanda, na ajue namba 119 ni ya gari la wagonjwa na zimamoto, 110 ni ya polisi.

La simu ni rahisi mama. Kule wapo mbele yetu kwa masaa 6, na sisi Kiswahili tunahesabu saa kwa tofauti ya 6, kwahiyo saa yake ya ukutani inasoma saa yetu sawasawa, yake ikionyesha 9 na kwetu ni saa tisa. Ukimpigia saa 11 na nusu alfajiri ukitoka kuswali, kwake ni karibu na adhuhuri, yupo darasani. Mpigie saa 9 au saa 10 alasiri, huko ni usiku, ameshakula yupo chumbani. Asipopokea bado usitishike, huenda yupo kwenye treni, mule ndani watu hawaongei na simu kabisa, akishuka atakupigia.