Laptopu za wanafunzi kwa bajeti ndogo: nunueni zinazofunguka, na waende nazo nyumbani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kitu kilichoko moyoni mwangu, maana shuleni kwetu mimi ndo nashika bisibisi, laptopu zote za wanafunzi zinapita mikononi mwangu zikiharibika. Swali lako, kama nimelielewa, ni kwamba hela ni kidogo, je mnunue mpya za bei ya chini au zilizotumika, na je watoto waende nazo nyumbani au zifungiwe chumba cha kompyuta. Nakujibu kabisa: nunueni zilizotumika, zile za kiofisi, ambazo ukitoa skrubu za chini unaona kila kitu na unaweza kukibadilisha, halafu waende nazo nyumbani. Naeleza sababu, nivumilie itakuwa ndefu.

Mpya za bei ya chini kabisa zinavutia, zina boksi, zina waranti, na wajumbe wa bodi wanapenda kupiga nazo picha. Lakini angalia ndani. Nyingi ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 na imechomelewa kwenye bodi ya mashine, hifadhi ya mafaili ni chipu ya eMMC ya GB 64, nayo imechomelewa. Hicho ndo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, kwa hiyo mashine inatoka kwenye boksi ikiwa haina pa kwenda tena. Zikiingia apdeti kubwa mbili tatu hifadhi imejaa, mtoto anashindwa kuhifadhi hata insha yake, na wewe fundi huna cha kuongeza wala cha kupunguza. Na siku hiyo eMMC ikifa basi mashine yote imekufa, maana huwezi kuichomoa ukapachika nyingine.

Za kiofisi ni habari tofauti. Naongelea ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook na ProBook za HP. Zile zilitengenezwa kwa makampuni yenye mafundi wao, ndo maana watengenezaji wenyewe wanaweka mtandaoni bure mwongozo wa kuzifungua, skrubu kwa skrubu, na vipuri vyake vinapatikana miaka mingi baada ya mashine kutoka dukani. Makampuni yana kawaida ya kubadilisha kompyuta baada ya miaka michache hata kama bado nzima. Na sasa hivi ziko nyingi kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo mashine nzuri tu, bodi imara, bawaba za chuma, zimeonekana hazifai ofisini. Kwa mwanafunzi zinafaa sana. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ramu ya GB 4 inakwenda, GB 8 ni raha, LibreOffice ya kuandikia na kutengenezea majedwali inakuja nayo humohumo na hakuna leseni ya kulipia. Ukikuta ina diski ya kizamani ya kuzunguka itoe weka SSD, hifadhi ya chipu isiyozunguka, hapo hata kama hutagusa kitu kingine mtoto atadhani umempa mashine mpya, anabonyeza kuwasha na kabla hajamaliza kufungua daftari iko tayari.

Sasa siku ya kwenda kuchagua usikubali kuonyeshwa moja iliyowashwa mezani halafu ukalipia shehena. Washa kila moja mwenyewe, ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, uone kama ina paswedi, maana paswedi ya BIOS kwenye hizi za kiofisi sio ya kuondoa kirahisi. Angalia humohumo kama Absolute imewashwa, huo ni mfumo wa makampuni wa kufuatilia na kufunga mashine kwa mbali, na mwenye nao ni kampuni iliyokuwa na mashine mwanzo, sio wewe. Wakikuletea Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, zilizotoka shule nyingine hakikisha wamezitoa kwenye akaunti ya ile shule, hata uifute vipi ikiwaka inarudi kuwaulizia wenyewe. Halafu Chromebook kila modeli ina tarehe yake ya mwisho ya kupata apdeti, Google walitangaza 2023 kwamba watafikisha miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, haihesabiwi tangu siku uliyonunua wewe. Itafute tarehe hiyo kabla hujatoa hela.

Kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi na mimi ndo nakiangalia wa kwanza ni tundu la chaja. Kwa watoto, kabla ya skrini, kabla ya kibodi, kinachokufa ni tundu la chaja, kwa sababu mtoto anachomeka mashine ikiwa mapajani, waya umevutika, mdogo wake anapita anaukwaa. Kuna modeli tundu lake limekaa kwenye kipande chake chenye waya mfupi, unafungua, unachomoa, unachomeka kipya, umemaliza kabla kengele haijalia. Na kuna modeli tundu limechomelewa bodini moja kwa moja, hapo unahitaji mtu mwenye mkono mtulivu na pasi ya kuchomelea, na mara nyingi shule inaamua kuitupa. Mashine mbili zimefanana bei, zimefanana ramu, tofauti ni hiyo tu, na hiyo ndo inaamua kama mtoto atakuwa na laptopu mwakani. Fungua moja kwanza uone. Ukiona na betri inatoka bila kubomoa chochote, chukua. Betri tenga hela yake toka mwanzo, za zamani zitakuwa zimechoka, na ikivimba hata kidogo itolewe siku hiyohiyo, hiyo sio ya kusubiri. Kwenye modeli nyingi za kiofisi unaweza kuiambia isijaze zaidi ya asilimia 80, fanya hivyo kwa zile zinazokaa kwenye umeme muda mrefu, betri inadumu.

Tuje kwenye kwenda nazo nyumbani, hapa ndo nina uchungu napo. Kompyuta iliyofungiwa chumbani mwanafunzi anaigusa dakika arobaini za kipindi, wawili au watatu kwa mashine moja, na anayebonyeza ni yuleyule mwenye nayo kwao. Anayebaki anaangalia ndo yule tuliyemnunulia. Simu ya mzazi haitoshi, simu ni ya kusoma na kutazama, insha ya kurasa nne au jedwali la hesabu huwezi kulifanya kwa kidole gumba, tena simu yenyewe inarudi usiku na mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia muda wa kuhifadhiwa faili wanafunzi wakileta kazi. Kuna binti mmoja faili zake zote zilikuwa za saa kumi na moja alfajiri. Nikamuuliza, akasema jioni kuna wadogo zake na kelele, alfajiri nyumba imetulia ndo anaandika. Chumba cha kompyuta kinafunguliwa saa ngapi kumfaa huyo?

Lakini sasa kuna jambo linaua mpango wote na watu hawalioni. Ile karatasi ya kusaini mzazi. Shule nyingi zinaandika ikivunjika au ikipotea mzazi atalipa gharama zote. Mzazi ambaye hana hiyo hela anafanya nini? Anaifunga kwenye kitambaa anaiweka juu ya kabati, mtoto anaibeba Jumatatu kuja kuionyesha na inarudi juu ya kabati. Nimepokea laptopu mwisho wa mwaka zikiwa mpya kabisa, karatasi ya plastiki ya skrini haijabanduliwa, na walimu wanasifia mtoto kwa utunzaji! Mimi moyo uliniuma, mwaka mzima mtoto kaishi na kompyuta ndani na hajaandika kitu. Kwa hiyo andikeni wazi kwamba ajali ni ya shule. Wekeni akiba ya mashine, katika kila kumi moja iwe ya ziada iko kabatini kwako, mtoto akileta iliyovunjika anaondoka na nyingine siku hiyohiyo, hakuna kufokewa. Watatunza, watoto wanatunza kitu wanachokitumia. Na wadogo zake wakiigusa wacha waiguse, mpe mwanafunzi akaunti yake yenye paswedi na nyumbani wawe na akaunti ya wageni.

Utakutana na mtu kwenye kikao atasema haya yalishajaribiwa yakashindwa, na atakuwa anaongelea ile kompyuta ya dola 100 ya Nicholas Negroponte, mradi wa One Laptop per Child (OLPC), laptopu moja kwa kila mtoto, uliotangazwa 2005. Ni kweli bei haikufika 100, ilikaribia 200, na Peru walipogawa halafu watafiti wakapima shule 319 za vijijini, ripoti ya 2012 ilionyesha kompyuta ziliongezeka kutoka 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18 lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Sio matokeo ya kupuuza. Ila soma na mazingira yake, shule karibu zote hazikuwa na intaneti, mafunzo ya walimu yalikuwa kidogo, na masomo yenyewe darasani yaliendelea vilevile. Uruguay walianza mpango wao wa Plan Ceibal 2007 kwa mashine zilezile za OLPC, lakini wao walipeleka na intaneti mashuleni na kuunda taasisi ya kuusimamia mpango, na mpaka leo upo. Mashine ilikuwa moja, kilichoizunguka ndo kilitofautiana.

Kwenye intaneti usikate tamaa kama nyumbani kwa wanafunzi haipo. Kuna Kolibri ya Learning Equality, unaiweka kwenye kompyuta moja ya shule, masomo na video na mazoezi yote yanakaa humo, wanafunzi wanaunganishwa kwa waifai ya ndani bila bando lolote. Kuna Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, unashusha Wikipedia ya Kiswahili yote mara moja na ni ndogo tu, ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100 hiyo iache kwenye ileile kompyuta ya shule. Kabla hawajatoka mchana wanachukua masomo ya wiki, nyumbani wanasoma bila mtandao.

Walimu wapeni kabla ya wanafunzi, angalau muhula mzima, na wapewe za kwenda nazo nyumbani pia. Mwalimu anayeogopa kuaibika mbele ya darasa hatatoa kazi inayohitaji kompyuta, hata umpe semina.

Na kama hela inatosha nusu tu ya shule, anzeni na darasa moja zima. Msiwape wanaoongoza mitihani, kwa sababu mwalimu hawezi kutoa kazi ya nyumbani ya kompyuta kama nusu ya darasa hawana, itabidi aandae kazi mbili na mwisho atarudi kwenye ya karatasi. Darasa zima likiwa nazo kazi inabadilika. Ukipata orodha ya modeli wanazotaka kuwauzia iweke hapa, nitakwambia ipi tundu la chaja linachomoka na ipi limechomelewa.