Uliza Tujibu: Askari kanzu aliyehamia kwenye kamera

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya Mark Williams-Thomas, yule Mwingereza aliyekuwa mpelelezi wa polisi kule Surrey kuanzia 1989 mpaka 2000 halafu akaja kuwa mwandishi wa habari za uhalifu kwenye ITV ya hukohuko Uingereza, ndo huyohuyo aliyeianika skendo ya Jimmy Savile, mtangazaji wa BBC. Sikutegemea mngeandika hivi jamani. Nimechagua barua tano. Zile za matusi nimeziweka pembeni, nitazisoma siku nikiwa na nguvu.

*

*Shikamoo Anko. Mimi na mume wangu tumebishana mpaka tumelala mzungu wa nne. Yeye anasema polisi haachi upolisi, kwahiyo huyo jamaa bado ana uwezo wa kukamata watu ila kajificha tu kwenye TV. Mimi nasema hana hata pingu. Nani mkweli? – Mama Wawili*

Marahaba mama. Mkweli ni wewe, mwambie akuombe radhi.

Siku mpelelezi anayorudisha kitambulisho, nguvu zote zinabaki kituoni. Hawezi kwenda mahakamani kuomba hati ya upekuzi, hawezi kuilazimisha kampuni ya simu itoe rekodi za mtu, hawezi kumweka mtu mahabusu amhoji. Kule Uingereza hayo mambo yako kwenye sheria, ikiwemo ile ya polisi na ushahidi ya 1984, na wamepewa askari, siyo mtu mwenye maikrofoni. Akifungiwa mlango usoni basi kafungiwa, atageuka aongee na kamera barabarani kama mwandishi mwingine yeyote. Akikuta ushahidi mzito wa jinai, njia ya kawaida ya kuleta kesi mahakamani ni ileile, auchukue aupeleke kwa wenzake wa zamani, wao ndo wafungue jalada.

Kinachobaki kwake ni kichwa. Anajua jalada linapangwaje, anajua shahidi wa tatu kwa kawaida anatafutiwa wapi, anajua karatasi gani ilipaswa iwepo na haipo. Na kuna kitu kimoja ambacho mumeo hajakiona, kuvua kitambulisho kunaweza kumfungulia milango. Mtu aliyeenda kituoni zamani akaambiwa hamna kitu, au aliyeogopa kwenda kabisa kwasababu aliyemtendea ni mkubwa, huyo harudi tena kwenye kaunta ileile. Lakini anaweza kukubali kukaa na mtu anayejua kusikiliza kipolisi ila siyo polisi.

*

*Anko mambo. Mi naona huyo jamaa mnamsifia bure. Savile alifariki 2011, dokumentari ikatoka 2012. Mtu akishakufa ndo unajifanya shujaa? Si woga huo? Mbona hakumfuata akiwa hai? – Msema Kweli*

Poa mdogo wangu. Swali lako ni zuri kuliko heshima yako.

Kwa ambao hawamjui, Savile alikuwa diijei na mtangazaji wa BBC, ndiye aliyetangaza Top of the Pops ya kwanza kabisa 1964, baadaye akawa na kipindi cha watoto cha kutimiziwa ndoto zao tangu 1975, akachangisha mamilioni kwa ajili ya hospitali ya Stoke Mandeville, na 1990 Malkia akampa heshima ya kuitwa Sir. Alikufa tarehe 29 Oktoba 2011 akiwa na miaka 84. Huyo ndo alikuwa ananyanyasa watoto kingono kwa miongo na miongo, mashuleni, hospitalini, mpaka kwenye majengo ya BBC yenyewe.

Sasa, woga? Kwa sheria ya England ukimtuhumu mtu hadharani akakushtaki kwa kumkashifu, kazi ya kuthibitisha kwamba ulichosema ni kweli ni yako wewe, siyo yake. Savile alikuwa na hela na mawakili, na 1994 gazeti moja la Jumapili la London lilikuwa na wanawake wawili tayari kabisa, mawakili wa gazeti wakapiga hesabu ya jinsi wale kina mama watakavyosimama mbele ya jopo la raia dhidi ya mtu anayependwa na nchi nzima, wakasema hapana. Ikaishia hapo. Marehemu hakashifiki kisheria, ndo maana kifo chake kiliwafungua watu midomo. Siyo ushujaa ni kweli, ni sheria. Ila nisikilize, hata alivyokufa bado walioogopa walikuwepo. Waandishi wa Newsnight, kipindi cha habari cha BBC, walishaanza kuifuatilia hiyo habari mwishoni mwa 2011, Williams-Thomas akiwasaidia kama mshauri, na walishamrekodi mwanamke aliyesoma Duncroft, shule ya mabinti kule Staines ambako Savile alikuwa anaingia na kutoka atakavyo. Mwezi Desemba wakubwa wakaizima. Krismasi hiyohiyo BBC ikarusha vipindi vya kumuenzi. Jamaa akaichukua kazi, akaipeleka ITV, akaanza kutafuta wanawake wengine mmoja mmoja, ikatoka tarehe 3 Oktoba 2012.

Lakini we umeuliza akiwa hai, na hapa ndo pananiuma mimi. Akiwa hai polisi walikuwa naye mkononi. Kati ya 2007 na 2009 polisi wa Surrey walikuwa na malalamiko ya wanawake watatu na polisi wa Sussex walikuwa na la mmoja. Oktoba 2009 Savile akahojiwa, na wala hakuitwa kituoni, walimfuata hukohuko Stoke Mandeville ambako alikuwa na ofisi yake! Waendesha mashtaka wakasema ushahidi hautoshi kwasababu wale wanawake hawako tayari kwenda mahakamani. Na kwanini hawakuwa tayari? Januari 2013 ikatoka ripoti ya mwanasheria Alison Levitt, aliyeagizwa na mkuu wa mashtaka wa wakati huo Keir Starmer (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu 2024), na ukiisoma unataka kujing'ata. Kila mwanamke hakuambiwa kwamba kuna wengine. Kila mmoja alikaa anafikiri ni yeye peke yake dhidi ya Sir Jimmy. Ripoti ikasema kwa watatu kati yao kesi ingewezekana kama polisi na waendesha mashtaka wangelishughulikia jambo kivingine. Starmer akaomba radhi.

Kwahiyo weka picha mbili pembeni kwa pembeni. Polisi wenye nguvu zote wana walalamikaji wanne na wanashindwa. Polisi wa zamani asiye na nguvu hata moja anawatafuta wanawake mmoja mmoja, anakaa nao, anasikia mambo yanayofanana kwa watu wasiojuana, namna alivyowaanza, maneno yake, gari lake, na hayo ndo yanakuwa ushahidi maana uongo wa watu wasiojuana haufanani hivyo. Kipindi kikarushwa, simu zikaanza kulia. Ndani ya miezi mitatu watu kama 450 walishajitokeza na polisi wakaandika makosa 214 kwenye maeneo ya vikosi 28, la zamani kabisa likiwa la 1955 na la mwisho 2009. Kale ka 2009, mwaka uleule aliohojiwa, sijui unakaonaje wewe.

Na operesheni ya polisi iliyozaliwa hapo, Yewtree, haikuishia kwa marehemu. Max Clifford, wakala wa mastaa, na Rolf Harris, mtangazaji wa TV, walifungwa 2014, mwanamuziki Gary Glitter akapigwa miaka 16 mwaka 2015. Hao walikuwa wazima na mawakili wao pembeni. Bado woga?

*

*Ndiye yule aliyemhoji Pistorius? – Kibarua*

Ndiye, yule mwanariadha wa Afrika Kusini aliyemuua mpenzi wake. Juni 2016, ITV, kama wiki mbili kabla jaji wa Pretoria hajampa miaka 6. Rufaa ikaja kuipandisha ikawa 13 na miezi 5 mwaka uliofuata. Mahojiano yenyewe mimi yalinichosha, mtu anayesubiri hukumu hawezi kukuambia kitu ambacho wakili wake hajakipitia kwanza.

*

*Kaka mhariri, naomba unijibu bila kunizunguka. Hivi vipindi si vinahukumu watu kabla ya mahakama? Leo kamtaja mnyanyasaji kweli, kesho je akitajwa mtu safi? Nani atamrudishia jina lake? – Mwanasheria Mstaafu*

Shikamoo mzee wangu, sikuzungushi. Hofu yako ilitokea kweli, na ilitokea mwezi mmoja tu baada ya hiyo dokumentari. Newsnight ileile iliyoogopa kurusha ya Savile, tarehe 2 Novemba 2012 ikarusha habari ya mtu aliyesema alinyanyaswa akiwa kwenye kituo cha watoto kule Wales na mwanasiasa mzito wa zamani. Hawakumtaja jina. Mitandao ikamtaja kabla hata ya kipindi kwisha. Wiki moja baadaye mlalamikaji mwenyewe akaona picha ya yule mwanasiasa na kusema Mungu wangu, siye huyu. Newsnight hawakuwa wamemwonyesha picha! Yaani kitu ambacho askari wa mwezi wa kwanza anakifahamu, unamuuliza mtu nani, anakutajia, unamwonyesha picha. BBC ikalipa pauni 185,000, mkurugenzi mkuu George Entwistle akajiuzulu akiwa kazini siku 54.

Ndo maana mimi nina ugomvi na wanaosema polisi wa zamani kwenye TV ni mapambo, sura kali na koti refu. Hapana mzee. Faida yake ni kwamba huko alikotoka alishaona kesi zikifia mahakamani kwasababu ya vitu vidogo kama hivyo, mashahidi kukaa chumba kimoja wakilinganisha stori, tarehe haijahakikiwa, picha haijaonyeshwa. Prodyuza anafikiria muda wa kurusha, yeye anafikiria wakili wa upande wa pili atauliza nini. Wakigombana hao wawili kipindi kinatoka kizuri. Wakielewana sana ndo uogope.

Sheria nayo ipo, mtu akishakamatwa tu kule, ile sheria ya 1981 ya kudharau mahakama inaanza kufanya kazi na kituo cha TV kikimchafua mtuhumiwa kiasi cha kuharibu kesi kinaweza kuadhibiwa hata kama hakikukusudia. Na mwathirika wa kosa la kingono jina lake halitajwi maisha yake yote labda aridhie mwenyewe. Kamera za siri pia, Ofcom, yaani mdhibiti wa utangazaji kule, inataka uwe na dalili za awali za kueleweka na maslahi ya umma kabla hujaificha kamera kwenye begi, siyo unaificha halafu ndo unatafuta dalili. Zinatosha? Kwa mtu ambaye jina lake lilishachafuliwa naona hazitoshi. Hapo sina la kukubishia.

*

*Shikamoo Anko, nina miaka 22 nasomea uandishi wa habari na nataka niwe kama yeye. Nijiunge kwanza na polisi au? Nianzie wapi? – Kijana wa Kamera*

Marahaba kijana wangu. Upolisi siyo lazima. Peter R. de Vries wa Uholanzi hakuwahi kuwa polisi hata siku moja, alianzia gazetini, na akaja kuwa mwandishi wa uhalifu anayejulikana kuliko wote nchini kwake. Kumbuka tu na mwisho wake, alipigwa risasi barabarani Amsterdam tarehe 6 Julai 2021 akafariki siku tisa baadaye. Sikutishi, ila mama yako asije akasema sikukuambia.

Cha kuiba kwa polisi ni namna ya kuuliza. Uingereza ilikuwa na aibu kubwa, watu walifungwa kwa maungamo ya kulazimishwa kwenye kesi za mabomu ya Guildford na Birmingham, wakaja kuachiwa 1989 na 1991 baada ya kukaa jela zaidi ya miaka 14. Mwanzoni mwa miaka ya 90 wakaleta mfumo mpya wa kuhoji unaoitwa PEACE na wapelelezi wakafundishwa upya. Roho yake ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya, usimpe mtu jibu ndani ya swali. Ukisema "alikushika mkono?" umeshamtengenezea picha kichwani na wakili akiikuta hiyo rekodi umeua kesi. Unasema "nieleze ilivyokuwa, anza popote unapotaka", halafu unanyamaza. Kunyamaza ndo shughuli. Nyie vijana wa vyuoni mkiona sekunde tatu za kimya mnajaza wenyewe, nimewasikiliza sana, swali refu kuliko jibu.

Fanya hivi, mhoji bibi yako kuhusu siku aliyoolewa kwa maswali ya hivyo tu, urekodi, halafu hesabu ni mara ngapi umemkatiza. Nitumie hiyo namba, nitajua kama unafaa.

*

Nilisema tano na zimeisha, ila kuna kikaratasi hakina hata jina kinauliza kaburi la Savile liko wapi siku hizi. Liko Scarborough. Alizikwa kaelekezwa baharini kama alivyotaka, akawekewa jiwe kubwa jeusi Septemba 2012 limeandikwa sifa zake zote. Halikumaliza hata mwezi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba, wiki moja baada ya kipindi, familia yake yenyewe ikaagiza litolewe, likavunjwavunjwa, na mahali penyewe mpaka leo hapana alama.